Imeingia, Imekaa

Mjomba wangu ana kanuni moja tu ya ufundi: kitu kikiingia, ndicho chenyewe. Betri, kofuli, koki za maji, vyote vimepitia kanuni hiyo, na nusu ya nyumba yake inavuja.

Risasi nazo zikapitia. Aliikunja bunduki ya marehemu babu, ile ya mitutu miwili inayorusha marisau, vile vigololi vidogovidogo, akatumbukiza mbili kutoka kwenye boksi jipya, akaifunga. Tak! "Imeingia, imekaa, imefunga. Yule fundi alitaka hela tu."

Fundi mwenyewe ni mzee wa Arusha aliyezeekea kwenye bunduki za wawindaji. Tulipompelekea, Mjomba akiwa na leseni yake mfukoni, aliing'oa mitutu kwenye kitako, akaigeuza, akatusomea mihuri ya Birmingham, mji wa Uingereza ilikopimwa: Nitro Proof, 2½, 1⅛. Maana yake imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, chemba, yaani tundu la kuwekea risasi, ni inchi 2½, na marisau yasizidi wakia 1⅛, gramu 32 hivi. Boksi la Mjomba lilisema inchi 2¾, magnum, yaani zenye nguvu zaidi, gramu 42.

"Lakini zinaingia," Mjomba akasema.

"Ndiyo shida yenyewe, mzee mwenzangu. Zingekataa kuingia, mimi ningelala usingizi."

Kumbe urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishafyatuliwa. Kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa kwa ndani, kwa hiyo linaingia bila ubishi. Ni abiria wa haisi aliyepanda amekunja miguu, gari likishaondoka ndipo anataka kuinyoosha. Mdomo ukifunguka unaangukia pale chemba inapoanza kubana, marisau yanapita kwa kugombana, na presha inapanda. Bunduki ya kisasa yenye chemba ndefu inaimeza risasi hiyo bila wasiwasi. Ya babu, fundi akasema, chuma chake kizima, ila hakikula kiapo hicho.

Mjomba akaitikia kwa adabu zote. Hata kanisani huitikia hivyohivyo.

Basi jioni moja tuko Kahe, kwenye mahindi, na nyani wamejaa. "Simama nyuma yangu, mpwa wangu, ujionee." Nilimkumbusha habari za fundi, akanitazama kama nimemtukana babu. Nikasimama nyuma, maana mbele palikuwa pabaya zaidi. Nyuma yangu ulikuwa mfereji, na zamu ya maji siku hiyo ilikuwa yetu.

Akaelekeza juu, nia ni kuwatisha tu, akavuta kifyatulio cha kwanza. Cha pili hakukigusa, hata mahakamani nitamtetea. Ila teke la risasi ya kwanza liliteteresha vyuma vya ndani vilivyochakaa, na mtutu wa pili ukajibu wenyewe. Gramu 84 za marisau zikaenda mbinguni kwa mkupuo. Mjomba, ambaye ana kilo za kutosha, akaja kwangu.

Nilitangulia mfereji mimi, akafuata yeye, bunduki juu yetu. Nashukuru mitutu ilistahimili, maana mingine hupasukia usoni. Nyani wengi walikimbia. Dume moja likapanda kichuguuni, likakaa, likatutazama mpaka tulipotoka.

Kitako kilipasuka shingoni na bega likawa zambarau. Bega tukalipeleka hospitali, kitako Arusha. Fundi akaliokota ganda, mdomo umechanika nyuzinyuzi, akamwekea Mjomba kiganjani bila neno. Kisha akaandika gharama: mbao, vyuma vya kufyatulia, na kupima mitutu upya.

Mjomba akaisoma karatasi, akakohoa. "Sasa, fundi, hiyo chemba haichongwi kidogo ikarefuka? Boksi bado limejaa."

Fundi akamweleza kwamba ukichonga unapunguza unene wa chuma palepale kinapobeba mzigo mkubwa zaidi, na kwamba haichongi. Halafu akavua miwani, akanigeukia mimi.

"Kijana, kwenu hakuna mwingine mwenye leseni?"