Mwanakondoo: neno la altareni au la zizini?

Mtoto wa ng'ombe ana jina lake, ndama. Wa kuku ni kifaranga. Wa kondoo tunamwita kwa kuunga maneno: mwanakondoo. Isaya 11:6, katika Biblia ya Kiswahili ya Union, inawataja kwa mfuatano: mwana-kondoo, mwana-mbuzi, ndama, mwana-simba. Ndama tu ndiye anayejitegemea.

Wapo wanaosema neno hili limekwisha kuwa la ibada. Ukilitamka, msikilizaji anamwaza Yesu, Mwanakondoo wa Mungu wa Yohana 1:29, kabla hajamwaza mnyama. Basi zizini tuseme "mtoto wa kondoo", yaishe. Hoja yao ina uzito. Mfugaji akikuta kondoo wake kazaa usiku, hatangazi kupata mwanakondoo. Husema, "Kazaa, na mtoto keshasimama, ananyonya."

Ila mimi nasita kuwaachia. Mwite mtu kondoo, umemtukana: hana akili yake, anafuata mkia wa aliye mbele. Mwite mwanakondoo, umemsifia upole na kutokuwa na hatia. Mnyama ni yuleyule, kaongeza miezi tu! "Mtoto wa kondoo" haubebi tofauti hiyo hata kidogo.

Wanaolipenda neno nao wasidhani limewakaa sawa waliolitumia zamani. Kutoka 12:5 inaagiza mwana-kondoo wa Pasaka awe dume wa mwaka mmoja, halafu inaruhusu atwaliwe katika kondoo au katika mbuzi. Mwanakondoo aliyetoka kwa mbuzi? Neno la Kiebrania hapo, seh, humtaja mnyama mmoja wa kundi, awe kondoo au mbuzi. Sisi hao wawili tunawatenga kwa majina, kwa hiyo mfasiri alilazimika kuchagua upande, na msomaji makini hujikwaa papo hapo.

Ninakosimama imara ni jikoni. "Nyama ya kondoo" imemeza umri wote. Mpishi anasoma maelekezo ya kupika mwanakondoo yaliyotafsiriwa hivyo, ananunua ya kondoo mzee, anafuata muda ulioandikwa, na anapofunua sufuria nyama bado inavutana na meno, mafuta yana ule ukali wa harufu. Kosa si lake. Aliyetafsiri alikuwa na neno akaliogopa kwa sababu ya altare. Iandikwe "nyama ya mwanakondoo", na miezi yake itajwe hapohapo.