Mwanamke hatari wa sinema na ushahidi wa upande mmoja

Katika filamu za upelelezi na uhalifu yupo mwanamke ambaye mtazamaji humtilia shaka kabla hajafungua mdomo: mzuri, mtulivu, mwenye siri, na mwanamume anayemkaribia huishia jela au kaburini. Wanaomshutumu husema ametokana na hofu za wanaume waliomwandika. Wanaomtetea hujibu kwamba katika sinema za zamani yeye ndiye aliyekuwa na akili na mipango yake mwenyewe, wakati wanawake wengine walikuwa wakisubiri kuolewa au kuokolewa. Hoja zote mbili zina uzito, lakini naona zote zinalipita haraka swali la msingi, nalo ni nani anayetusimulia habari zake.

Mfano unaotajwa sana ni Double Indemnity ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Billy Wilder. Phyllis, aliyeigizwa na Barbara Stanwyck, anashirikiana na Walter, wakala wa bima, kumuua mumewe ili wapate malipo ya ajali yaliyo maradufu. Mara ya kwanza tunamwona juu ya ngazi, amejifunga taulo, nasi tunamtazama kutoka chini pamoja na Walter. Haitokei tukamwona kwa macho mengine, kwa kuwa karibu filamu nzima ni maungamo ya Walter, aliyejeruhiwa kwa risasi, akizungumza usiku ofisini mbele ya mashine ya kunasia sauti. Muuaji ndiye shahidi wetu. Isitoshe, anakiri kwamba alikuwa akiwaza siku nyingi namna ya kuilaghai kampuni yake, na hila ya kuifanya ajali ionekane imetokea kwenye treni imetoka kichwani mwake. Hata hivyo anayekumbukwa kuwa ni hatari ni Phyllis. Haki inadai tuseme pia kwamba Phyllis si malaika: binti wa mumewe anamshuku kuwa ndiye aliyemuua mama yake.

Hapa Zanzibar mazungumzo ya barazani kuhusu picha za namna hii hayafiki mbali kabla mtu hajaitaja Sura ya Yusuf katika Qur'ani na aya ya 28, isemayo kwamba vitimbi vya wanawake ni vikubwa, kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa kwa wanawake wote. Kwa heshima zote, aya ile inanukuu kauli iliyotamkwa ndani ya nyumba ya Azizi, bwana aliyemnunua Yusuf, kumhusu mwanamke mmoja, mkewe, baada ya kanzu ya Yusuf kukaguliwa na kuonekana imechanwa kwa nyuma, dalili kwamba Yusuf alikuwa akimkimbia. (Mpelelezi yeyote wa sinema angejivunia ushahidi kama ule.) Kisa kinaendelea hadi aya ya 51, ambapo mwanamke mwenyewe anakiri mbele ya mfalme kwamba ni yeye aliyemtaka Yusuf, na wala hatuelezwi kuwa aliuawa au kufukuzwa.

Hollywood haikuwa na uhuru wa kumaliza kisa hivyo. Kuanzia mwaka 1934 kanuni za maadili za studio za Marekani zilisimamiwa kwa ukali, na hadi zilipoachwa mwaka 1968 zilitaka mhalifu asinufaike na uhalifu wake. Kwa hiyo anayesema kwamba Phyllis anapigwa risasi kwa sababu tu ni mwanamke akumbuke kwamba Walter naye hanusuriki. Shutuma ina nguvu zaidi kwa Fatal Attraction ya mwaka 1987, wakati ambapo kanuni hizo hazikuwapo tena. Katika mwisho wa awali Alex, mwanamke aliyeachwa na mpenzi wake mwenye mke, alijiua. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika, ukapigwa mwisho mpya ambamo mke wa mwanamume aliyezini naye anampiga risasi bafuni. Glenn Close, aliyemwigiza Alex, aliupinga. Naona alikuwa na haki, kwa sababu mgonjwa wa akili aligeuzwa zimwi ili ukumbi upige makofi.

Je, kumpa mwanamke sauti kunatosha? Katika Gone Girl ya mwaka 2014, iliyoandikwa na Gillian Flynn kutokana na riwaya yake mwenyewe, Amy, mke anayetoweka ili mumewe ashukiwe kumuua, anajisimulia kupitia shajara, na shajara ile ni ya uongo. Flynn ametetea haki ya wanawake kuwa waovu katika hadithi kama walivyo wanaume, na mimi nakubaliana naye. Lakini Amy anasingizia pia kubakwa, na katika visiwa hivi, ambako kesi za udhalilishaji mara nyingi huishia kwenye suluhu za kifamilia au hukwama kwa mashahidi kutofika mahakamani, malalamiko dhidi ya jambo hilo si ya kupuuzwa.

Fasihi yetu imewahi kushika njia nyingine. Katika Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, Maimuna anaangukia maisha ambayo jamii inayalaani, lakini msomaji amekwisha kuona jinsi baba yake, Maksuudi, alivyomfungia ndani. Mwachie mmoja wa wanaume wa danguroni asimulie kuanzia pale alipomkuta, na Maimuna atageuka kuwa Phyllis. Simaanishi kwamba kila mwovu wa sinema atungiwe utoto wa taabu. Phyllis akielezwa sababu zake zote atapoteza ule ubaridi unaoisisimua filamu, na hiyo nayo ni hasara.