Diana wa 2017 asingemfanyia mtu vile

Filamu ya Wonder Woman ya 2017 ina tukio moja ambalo sijachoka kulitazama. Ni vita vya kwanza vya dunia, mahandaki ya Ubelgiji. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga anamng'ang'ania Diana, ambaye ndiye Wonder Woman mwenyewe, akimsimulia jinsi watu wa kijiji chao wanavyoteswa ng'ambo ya pili. Steve, rubani anayempenda, anamwambia haiwezekani, hawawezi kumwokoa kila mtu. Diana anavua koti, anapanda ngazi, anatoka nje peke yake kwenye matope na seng'enge, na risasi ya kwanza inayomjia anaipangua kwa bangili ya mkononi. Hamjui yule mama, wala hatamwona tena. Anakwenda tu, kwa sababu kuna watu wanaumia na yeye ana uwezo wa kuwasaidia.

Ndiyo maana muendelezo wake, Wonder Woman 1984, uliniuma. Mwongozaji ni yuleyule, Patty Jenkins. Steringi ni yuleyule, Gal Gadot. Na Chris Pine karudi kama Steve Trevor, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Steve alikufa mwaka 1918. Alirusha ndege iliyojaa gesi ya sumu akailipua angani na yeye akiwemo, Diana akishuhudia kutoka chini. Ni kifo chenye uzito, na filamu nzima ya kwanza ilisimama juu yake. Sehemu ya pili inatuambia kwamba miaka 66 baadaye Diana bado anamlilia. Anaishi mpweke mjini Washington, anakula mezani peke yake, saa ya Steve ameitunza. Hilo sina ugomvi nalo. Kuna watu wasiosahaulika. Lakini badala ya kukaa na huzuni ile na kutuonyesha imemfanya nini, filamu inaleta jiwe linalotimiza matakwa ya mtu, na Steve huyo, amerudi.

Tena amerudi ndani ya mwili wa mwanamume mwingine.

Hapa nataka nieleweke vizuri. Jiwe hili linaweza kuotesha ukuta mkubwa katikati ya Misri. Linaweza kuleta makombora ya nyuklia kutoka hewani. Ila kumrudisha Steve na mwili wake mwenyewe limeshindwa, kwa hiyo roho yake inaingia kwa mtu asiye na habari. Mtu huyo ana nyumba, ana kitanda, ana kabati la nguo, na Steve anazijaribu nguo hizo moja baada ya nyingine huku sisi tukitakiwa kucheka. Diana analala naye. Kisha anamchukua mpaka kwenye mapambano ya risasi barabarani jangwani, akiwa na mwili ambao si wake. Hakuna anayeuliza mwenyewe yuko wapi, kama anasikia maumivu, kama kuna ndugu wanaomtafuta. Hata majina ya waigizaji yanapopita mwishoni, mhusika huyu hana jina. Ameandikwa kwa sifa ya utanashati wake tu, basi. Diana anakutana naye tena siku ya theluji, anamsifia alivyovaa, anatabasamu, na mambo yameisha.

Diana aliyeshindwa kumpita mama asiyemjua ndani ya handaki asingefanya hivi. Na kama angefanya, kwa sababu mapenzi humlevya mtu, basi filamu ingebidi ilione kosa hilo na kumlazimisha alijibu. Bei pekee anayolipa ni kupungukiwa na nguvu zake mwenyewe. Ya yule mwanamume haihesabiwi kabisa.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba waandishi wenyewe walilijua somo hili. Filamu inaanza Diana akiwa mtoto, kwenye mashindano ya kwao Themyscira, kisiwa cha wanawake wapiganaji. Farasi anamwacha, anapita njia ya mkato, anawatangulia wenzake, na akiwa amebakiza mkuki wa mwisho mwalimu wake Antiope anamkamata na kumtoa uwanjani kwa kudanganya. Ni dakika nzuri mno, pengine nzuri kuliko zote zinazofuata. Halafu filamu yenyewe inatumia saa mbili ikipita njia za mkato. Wanahitaji ndege isionekane? Diana anakumbuka ghafla kwamba anaweza kuficha vitu, ndege inapotea, na uwezo huo hatuuoni tena. Wanahitaji vazi jipya? Yanatoka mavazi ya dhahabu ya shujaa Asteria, tunasimuliwa historia yake tukasisimka, kisha adui yake Cheetah anayararua mabawa yake katika pambano moja la gizani ambapo hata kuona nani kampiga nani ni shida. Dunia nzima inakaribia kuangamia? Diana anatoa hotuba, na watu kila kona wanarudisha matakwa yao.

Sisemi hakuna kizuri. Barbara wa Kristen Wiig, ambaye ndiye anageuka Cheetah, alianza vizuri sana, na Pedro Pascal alijitoa kwa moyo wote kama Maxwell Lord, mfanyabiashara anayelinyakua lile jiwe. Na pale Diana anapoachana na Steve mara ya pili kwa kurudisha takwa lake, akikimbia barabarani bila kugeuka, nguvu zikimrudia, kisha akaanza kupaa akikumbuka alichomwambia kuhusu upepo, nililia. Ndani ya dakika zile ilikuwemo filamu niliyokuwa naingoja.

Wapo wanaoitetea kwa kusema ilitoka wakati mbaya, Desemba 2020, janga la korona, na nchini Marekani iliingia kumbi za sinema na HBO Max, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, siku moja, kwa hiyo wengi waliiona kwenye skrini ndogo. Mapato ya kumbini yaliathirika, hilo halina ubishi. Lakini hadithi mbovu haiponi kwa kupanuliwa ukutani.

Desemba 2022 zikaja habari kwamba sehemu ya tatu ya Jenkins haitaendelea. Kwa hiyo huu ndio muendelezo pekee ambao Diana wa Gadot alipata kwa jina lake mwenyewe, na alistahili hadithi ambayo ingemjali yule mwanamume asiye na jina kama yeye alivyomjali yule mama wa handakini.