Feni ya Pili Haipanui Mgodi

Mpwa wangu kaja likizo. Yuko kwenye mgodi wa dhahabu ng'ambo ya mpaka, idara ya mipango, kijana wa hesabu kwelikweli. Juzi baada ya swala ya Ijumaa tumekaa barazani hapa Kisauni, kahawa chungu na kashata, akanifungulia laptop anionyeshe vile wanavotaka kuupanua mgodi wao. Slaidi tamu wallahi. Tani zinapanda, gharama zinashuka, mgodi unateremka mita mia kadhaa zaidi, malori mapya, loda mpya (zile mashine za kuzoa mawe), kantini mpya, hata miche ya miti imepigwa picha. Nikamuuliza, na hewa je? Akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena, mwisho akaipata. Mstari mmoja. "Hewa: kuongeza feni ya pili."

Miche ina slaidi mbili. Pumzi za watu mstari mmoja.

Mie kazi ya hewa ya migodini nimeifanya miaka mingi, nikizunguka na anemomita, kile kipima upepo, shingoni kama tasbihi, na hii "tutaongeza feni" nimeisikia kwa mameneja wa kila rangi na kila pasipoti. Hebu tuulizane, nani aliwaambia feni inatengeneza hewa? Feni inavuta tu au inasukuma tu, njia ndo inayoamua ipite kiasi gani. Chukua dafu unyonye kwa mrija mwembamba. Ukitaka maji mara mbili kwa mrija uleule utanyonya mpaka mashavu yagongane, na mwenzako aliyechukua mrija mpana keshamaliza zamani anangoja akombewe nyama.

Na hili si la kubishana, ni hesabu. Hewa ikiongezwa mara mbili kwenye njia ileile, presha inayotakiwa inapanda mara 4, na nguvu ya mota inapanda mara 8. Mara nane, yani. Tuseme mgodi wako leo unapitisha mita za ujazo 150 kwa sekunde kwa presha ya pasikali 1,500, hapo mota ya kilowati 300 inatosha. Sasa wataka 300 kwa sekunde kupitia shimo lilelile la hewa? Andaa pasikali 6,000 na kilowati 2,400, na hapo bado sijahesabu kwamba njia yenyewe imerefuka manake mmeshuka chini zaidi. Hiyo bili ya stima nani atalipa, ile miche?

Mpwa wangu akanijibu kwa adabu zake, mjomba lakini feni ya pili inakaa sambamba na ya kwanza, si kila moja itabeba 150 zake? Aaa. Hapo ndo wengi wanapozama. Feni mbili zilizofungwa ubavuni zote zinavuta kwenye shimo moja lililokwisha banwa, kwa hiyo unaongeza hewa kidogo tu halafu zinaanza kusumbuana, moja inasukumwa kwenye presha isiyoiweza, hewa inaachana na mabawa, feni inatetemeka na kunguruma usiku kucha mpaka bawa linapasuka, na fundi anaambiwa hakuifunga vizuri. Fundi maskini!

Sasa angalia upande wa pili. Ukichimba shimo la pili la hewa lililo sawa na la kwanza, na huko chini njia zikagawanywa vizuri, ukinzani, yani ugumu wa njia kupitisha hewa, unashuka hadi robo. Zile 300 zako zinapita kwa presha ileile ya zamani na nguvu inakuwa kilowati 600 tu. Mia sita dhidi ya elfu mbili na mia nne, kila saa, mchana na usiku, Idi na Krismasi, miaka kumi. Au kama hamjalichimba bado, lipanueni kwenye karatasi kabla halijafika kwenye mwamba, manake ukinzani wa shimo la duara unagawanywa kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe, tano zikipangwa: shimo la mita 4 badala ya mita 3 linapunguza ukinzani zaidi ya mara 4. Mita moja tu hiyo! Na ndo mita ya kwanza kukatwa kwenye bajeti, kila mahali, kila mwaka.

Haya, nikubali kidogo, kwa shingo upande. Shimo la hewa halitoi dhahabu. Unatumia mamilioni kutoboa jiwe tupu, mwekezaji anauliza ounsi ziko wapi, huna cha kumwonyesha isipokuwa upepo. Naelewa. Lakini hata kantini haitoi dhahabu na imejengwa.

Kinachoniudhi zaidi hata ya kipenyo ni tarehe. Hawa watu wa mipango huchora hewa ya mgodi uliokwisha, ile picha ya mwaka wa mwisho kila kitu kishakamilika, mashimo yote yamefunguka, mishale ya bluu inashuka na myekundu inapanda, programu inasema sawa. Wapi. Mwaka mbaya ni ule wa katikati, ambapo mnachimba njia mpya kwenda chini na huku juu bado mnatoa mawe, malori yote yako ndani, fesi (pale mwamba unapochimbwa) za juu na za chini zote zataka hewa, na shimo jipya halijafika. Na haliwezi kufika kwa kupiga simu. Mtambo wa kutobolea unashusha kwanza tundu jembamba kutoka juu mpaka likutane na handaki la chini, halafu kichwa kipana kinafungwa hukohuko chini na kuvutwa kupanda huku kinakula mwamba. Manake lazima uwe ushafika chini kwanza, na kufika chini kwahitaji hewa, ambayo huna, manake shimo halijatobolewa. Umeona mduara huo? Unavunjwa kwa kupanga hatua kwa hatua, kila mwaka na hesabu yake ya hewa, na hakuna fesi mpya inayofunguliwa kabla hewa yake haijafika. Katika kipindi hicho kaeni na mabomba marefu ya kitambaa na feni ndogondogo, sawa, lakini mabomba hayo yanachanwa na malori kila zamu, na ukiweka feni ndogo inayovuta zaidi ya hewa inayopita pale mlangoni basi inazungusha moshi wake yenyewe, watu wanavuta leo walichokitoa jana.

Niliwahi kutafuta hewa iliyopotea kwenye mgodi mmoja (jina nalihifadhi) zamu nzima, fesi ya mbali imekufa kabisa, vijana wanaumwa vichwa. Kumbe dereva wa loda kachoka kufungua na kufunga mlango wa hewa akautegea jiwe. Hewa ya mgodi mzima ikakata njia ya mkato ikarudi zake juu. Nilimsema sana yule kijana, lakini meneja aliyeweka mlango mzito wa mkono kwenye njia ya loda ndo nilitaka kumsema zaidi, na hakuwepo, alikuwa mkutanoni kuhusu usalama.

Hayo malori mapya nayo yana deni lake. Kanuni za Ontario kule Kanada zinataka mita za ujazo 0.06 kwa sekunde kwa kila kilowati ya dizeli, kwa hiyo loda moja ya kilowati 250 yataka 15 peke yake, na moshi wa dizeli shirika la utafiti wa saratani la IARC liliuweka kwenye vinavosababisha saratani tangu 2012. Joto pia, hewa ikishuka mita 100 inapata karibu digrii 1 kwa kubanwa tu, sisi wa Mombasa twalalamika kaskazi na twakaa kivulini. Na moto ukitokea ndo balaa, kwenye mgodi wa makaa wa Soma kule Uturuki 2014 walikufa watu 301, wengi kwa gesi ya kaboni monoksaidi, si kwa kuungua.

Pengine huku Pwani hatulioni hili manake mgodi tuliozoea ulikuwa wa titani kule Kwale, ulioacha kuchimba mwisho wa 2024, mchanga juani, upepo wa bure. Kule Taita vijana wa vito wanaoshuka kwenye mashimo membamba na jenereta imewekwa mdomoni mwa shimo, hao wanalijua, na hamna slaidi inayowataja.

Mpwa akanirushia turufu yake ya mwisho, mjomba tutaleta magari ya betri, dizeli kwaheri. Vizuri, leteni, na hesabu ya moshi itashuka kweli. Lakini baruti mtaendelea kupiga? Basi gesi yake itaendelea kungoja kutolewa, na watu wa zamu ya pili wataendelea kukaa juu wakitazama saa mpaka itoke, na kila nusu saa wanayokaa ni tani ambazo kwenye ile slaidi zishauzwa. Hilo hakuwa amelihesabu. Kafunga laptop, kaagiza kahawa nyingine.