Steringi anakufa: muvi nyeusi za zamani na maisha ya huku Los Angeles

Nianze na sheria ya banda la video. Sisi tuliokulia Ngamiani, Tanga, tulioangalia muvi kwenye banda la mabati na mabenchi ya mbao huku Lufufu anatutafsiria kwa sauti yake ile, sheria tunaijua: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungwa kamba na petroli itamwagwa, ila mwisho anaibuka na adui analipa yote. Ikitokea muvi steringi kafa watu walikuwa wanadai kiingilio chao, na mwenye banda anajitetea kwamba tulieni, ipo pati tuu.

Sasa chukua mtu wa malezi hayo, mlete Los Angeles, mpe kazi ya usiku kwenye paking ya ghorofa pale katikati ya mji, akae kwenye kijumba cha vioo toka saa nne usiku mpaka alfajiri bila mtu wa kuongea naye, afu siku moja kwenye simu akutane na muvi ya 1944 inaitwa Double Indemnity. Dakika za mwanzo kabisa steringi anaingia ofisini usiku, kapigwa risasi, anakaa kwenye kiti, anawasha mashine ya kurekodi sauti anaanza kukiri kwamba kamuua mtu kwa ajili ya hela na mwanamke, hela hakuipata na mwanamke hakumpata. Yaani muvi haijaanza jamaa kashakwisha. Nikasema hawa wamekosea mkanda, wameanza na wa mwisho.

Nikaiangalia yote. Kesho yake nikairudia. Toka siku hiyo, huu mwaka wa tisa sasa, sina ugonjwa mwingine zaidi ya muvi za aina hii, ambazo wenyewe wanaziita noir, neno la Kifaransa, nyeusi. Na hilo jina hawakulitoa Wamarekani, wamepewa. Wakati wa vita Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani na muvi za Marekani haziingii, vita vilivyoisha zikamiminika zote kwa mpigo, na 1946 mhakiki mmoja wa Paris, Nino Frank, akaziita hivyo. Wenyewe waliokuwa wanazitengeneza Hollywood walikuwa wanajua tu wanatengeneza muvi za mauaji, basi.

Turudi kwenye paking. Kwenye Double Indemnity kuna mtu anaitwa Charlie, mweusi, kazi yake kuosha na kulinda magari usiku kwenye jengo analokaa steringi. Walter Neff, ambaye ni wakala wa bima, kabla ya kwenda kuua anampa Charlie gari aioshe, ili kesho akiulizwa aseme huyu bwana alikuwa nyumbani. Charlie anaonekana kidogo tu, lakini mi nilisimamisha muvi pale nikamwangalia, maana nilikuwa nimevaa shati la kazi kama lake. Kaigiza Sam McDaniel, kaka yake Hattie McDaniel, yule Mmarekani mweusi wa kwanza kupata Oscar, na jina la Sam kwenye orodha ya waigizaji halipo. Huku ndo tulivyo, mtu wa paking unatumika kama saa ya ukutani, wanakuangalia wakitaka kujua saa, wewe mwenyewe hawakuoni. Nyumbani mlinzi ni mtu mwingine kabisa bana. Nyumbani mlinzi anajua nani karudi saa ngapi na karudi na nani, na mke wa bosi akitaka habari anaanza na mlinzi, anamletea chai na mihogo kwanza.

Na hapo ndo naona Double Indemnity isingewezekana Tanga hata siku moja. Mpango wenyewe, wa Neff na yule mwanamke, ni huu: mume wa mwanamke ana bima ya ajali ya dola 50,000, akifa kwa ajali ya treni inalipa mara mbili. Mume kavunjika mguu, anatembea na magongo. Wanamuua kwenye gari, afu Neff anayachukua yale magongo anapanda treni akijifanya ndo yeye, anaruka, wanaiweka maiti relini. Sasa jaribu hiyo kwetu. Mguu ukivunjika mtaa mzima umeshakuja kukupa pole, wengine wameshakuelekeza kwa fundi wa kuunga mifupa, ukipanda treni na magongo ya mtu mwingine abiria wa pili tu anakuuliza, we si mtoto wa mzee fulani wa barabara ya kumi na mbili, magongo ya nini hayo? Imeisha. Wala ofisi ya bima haijafunguliwa.

Na bima yenyewe. Kwetu ukifa kinachokuja ni turubai, jamvi, ubani na daftari la michango, na mama wakubwa wanaomwangalia mjane machoni kuona kama analia kweli. Huku nyuma yako anabaki mtu wa madai anayekupigia simu inayorekodiwa. Mwaka ule ule niligongwa na gari kwa nyuma nikiwa nimesimama kwenye taa, nimegongwa mimi, halafu dada wa bima ananiuliza swali moja mara tatu kwa maneno tofauti, ulikuwa spidi ngapi, gari lilikuwa linatembea kiasi gani, unakumbuka mwendo, nilivyokata simu nilikuwa najihisi muuaji. Kwenye muvi mtu wa madai ni Edward G. Robinson, na nampenda kuliko wote mle ndani, kwa sababu huyo angalau anakereka. Anagundua uongo kutokana na kitu kidogo: huyu bwana kavunjika mguu na ana bima, mbona hakudai? Kwetu hilo swali lingeulizwa na shangazi, bure kabisa.

Sasa kilichonimaliza ni kuja kujua waliozitengeneza ni kina nani. Billy Wilder, mwongozaji wa Double Indemnity, kazaliwa kwenye himaya ya Austria, alikuwa anaandika muvi Berlin, Hitler alivyoshika nchi 1933 akakimbilia Paris halafu Marekani, Kiingereza kakijulia ukubwani kama mimi. Waongozaji wengine, Robert Siodmak, Fritz Lang, Otto Preminger, Edgar Ulmer, wote wa kuja. Huyo Robinson mwenyewe kazaliwa Bucharest. John Alton, mpiga picha za muvi, bingwa wa vivuli, ni Mhangari, angalia He Walked by Night ya 1948, jamaa anakimbizwa kwenye mifereji ya maji ya mvua chini ya mji huu huu ninaokaa na hakuna taa zaidi ya tochi za polisi. Ndo maana mji kwenye muvi hizi unaangaliwa na jicho la mtu ambaye hana shangazi pale. Mmarekani mzawa anaona barabara, wao wanaona barabara ambayo ukidondoka hakuna atakayekuuliza jina.

Mke wangu anasema ni giza tu, na mara ya kwanza alidhani TV imeharibika. Namwambia giza la huku na giza la nyumbani siyo moja. Kwetu umeme ukikatika ndo watu wanatoka nje, mkeka unatandikwa, hadithi zinaanza, kibatari kikiwaka mnaonana nyuso vizuri kuliko kwenye balbu. Huku umeme haukatiki ovyo, mataa kila kona, na mpangaji wa chumba cha pili, mwaka wa nne huu, simjui jina.

Weusi kwenye hizi muvi, niseme ukweli, wengi ni kina Charlie: mapota wa treni, wafagiaji. Ndo maana nina ya kwangu ya moyoni ya 1959, Odds Against Tomorrow. Harry Belafonte alitumia kampuni yake mwenyewe kuitengeneza, akacheza mwimbaji wa klabu aliyezama kwenye madeni ya kamari ya farasi, anaingizwa kwenye dili la kuiba benki pamoja na mzungu anayechukia weusi mpaka mishipa inamtoka, Robert Ryan. Aliyeandika skripti, Abraham Polonsky, alikuwa amepigwa marufuku Hollywood kwa mambo ya ukomunisti, ikabidi jina liwekwe la mwandishi mweusi, John O. Killens. Dili linaharibika kwa chuki tu, siyo kwa polisi. Mwisho hao wawili wanafukuzana juu ya matangi ya mafuta, yanalipuka, wanabaki maiti mbili zilizoungua na mtu anauliza yupi ni yupi. Nilimtumia mama picha ya Belafonte kwenye WhatsApp, akanirudishia sauti: huyu si yule aliyeimba Malaika na Miriam Makeba? Nikamwambia ndiyo mama, ndo yeye. Akanyamaza kidogo, akasema, kumbe alikuwa jambazi, mwanangu?

Najua watu wataniuliza za upelelezi. The Maltese Falcon naiheshimu, 1941, bila hiyo pengine hizi zingine zisingekuja, lakini Humphrey Bogart, anayecheza mpelelezi mle, anajua kila kitu toka asubuhi na mtu anayejua kila kitu hanipi raha, kama ni mpelelezi mi nina Bwana Msa wetu wa Zanzibar na kiko chake, ananitosha. The Big Sleep nimeiona mara nne bado sijui nani kamuua dereva. Bogart wangu mimi ni wa In a Lonely Place, 1950, mwandishi mwenye hasira ambaye hata anayempenda anaanza kumwogopa. Na D.O.A. ya mwaka huo huo, kwa sababu ya upuuzi wake mtamu: mhasibu anaingia polisi kuripoti mauaji, wanamuuliza nani kauawa, anasema mimi. Kawekewa sumu, na chanzo chake ni kwamba aligonga muhuri kwenye hati ya mauziano. Muhuri tu! Jengo la Bradbury ambalo mambo yanaishia bado lipo hapa mjini, la 1893, unaingia bure ukumbini unaangalia zile lifti za vyuma.

Vingine havipo. Bunker Hill, kilima cha hapa mjini kinachoonekana kwenye muvi za Criss Cross na Kiss Me Deadly, nyumba kubwa za mbao za zamani zilizokuwa zinapangishwa chumba kimoja kimoja, mji uliivunja yote na kilima chenyewe wakakichonga. Paking niliyokuwa nafanya kazi iko jirani na hapo. Katreni ka kupandia mlima, Angels Flight, ka toka 1901, waliking'oa 1969 wakakarudisha 1996 pembeni kidogo ya kalipokuwa. Kwa hiyo ukitaka kuona ule mtaa ulivyokuwa unaangalia watu wakiuana. Kariakoo nayo zile nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati vyumba huku na huku na uani nyuma, zimeliwa na maghorofa, na mimi sijaona hata muvi ya mauaji ya kunionyesha.

Basi ukinibana nichague moja, ni The Asphalt Jungle ya John Huston, 1950. Wanaiba vito, kila mtu ana sababu yake. Anayenihusu ni Dix, kaigizwa na Sterling Hayden, na jina lake ni Sterling kweli, sitanii. Dix ni mtu wa mabavu, anacheza kamari mjini, lakini usiku anachoongelea ni shamba la farasi la kwao Kentucky lililouzwa, anataka apate hela moja tu kubwa akalinunue. Mwisho kapigwa risasi, anaendesha gari damu ikimtoka mpaka Kentucky, anashuka, anaingia kwenye majani, anaanguka, na farasi wanamsogelea wanamnusa. Nililia jamani. Mimi na kila Mtanzania ninayemjua huku tuna shamba letu la farasi. Mwenzio anafanya zamu mbili na mgongo umeisha, ukimuuliza anakuonyesha kwenye simu picha ya msingi na tofali.

La kwangu lilikuwa Kigamboni. Kiwanja, milioni 7, dalali ana sauti tamu kwenye simu kushinda Barbara Stanwyck, yule mwanamke wa Double Indemnity, video ananitumia, mipaka anaitembea kwa miguu, hadi mwembe uliopo kwenye kona nikaupenda. Binamu yangu alivyoenda kuanza kujaza kifusi akakuta mama mmoja kashachimba choo, naye ana karatasi zake, na muhuri wa kwake mzuri kuliko wa kwangu. Nilikuwa nimeshasema kwetu mambo ya muvi nyeusi hayawezekani kwa sababu kila mtu anamjua mwenzake. Ila mimi nilikuwa sipo. Niliye mbali ndo nilikuwa peke yangu, mtaa mzima ulijua kile kiwanja kina mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na namba yangu.

Wiki iliyopita kaniandikia dalali mwingine. Bagamoyo safari hii, karibu na barabara, anasema hati ipo. Nilikuwa naangalia The Killing, Sterling Hayden tena, 1956, pale uwanja wa ndege sanduku linapofunguka na noti zote zinapeperushwa na upepo wa propela. Mke wangu akachungulia simu, akauliza ni nani huyo. Nikamwambia hakuna kitu, nimemwambia tu anitumie picha.