Mtazame mama amepewa nguvu gani

Ninapoanza hadithi mpya ya familia ya kawaida inayopata nguvu za ajabu, simtazami kwanza baba anayenyanyua gari, wala kijana anayewaka moto bila kuungua. Namtafuta mama. Nguvu aliyopewa mama ndiyo inayonionyesha mwandishi anaionaje familia, na kwa zaidi ya miaka 60 sasa jibu limekuwa likijirudia hadi linaniuma. Mama hutoweka machoni pa watu. Mama hurefuka ili mikono yake ifike kila pembe. Mama hukimbia kuliko upepo. Mama hupika, na chakula chake huponya. Yaani anapewa yale yale aliyokuwa akiyafanya kabla ya muujiza kutokea, ila sasa anaweza kuyafanya zaidi, na hakuna tena atakayemuuliza kama amechoka.

Tuanze na Fantastic Four, maana hapo ndipo wengi walipochotea. Stan Lee na mchoraji Jack Kirby waliwaleta mwaka 1961, katika vitabu vya katuni vya Marvel: watu wanne wanapanda roketi bila ruhusa, miale ya anga za juu inawapenya, wanarudi duniani wakiwa viumbe wengine. Reed mwili wake unavutika. Johnny anawaka moto. Ben, rubani wao, anageuka pande la mawe na hawezi kurudi kuwa mtu wa kawaida kila anapotaka, na huzuni yake ile imebeba hadithi nyingi kuliko mapigano yote. Hawakujificha nyuma ya barakoa. Waliishi pamoja, wakagombana mbele ya msomaji, wakawekeana kinyongo na kupatana. Kwa hilo nawaheshimu sana waliowabuni.

Wa nne ni Sue, dada yake Johnny na mchumba wa Reed. Nguvu yake ilikuwa kutoonekana. Basi. Wanaume wa nyumba ile walipewa kupiga, kuchoma na kufika mbali, na mwanamke pekee akapewa kutoweka.

Wasomaji waliliona hilo mapema. Walituma barua wakisema Sue hana msaada wowote kwa kundi, na katika toleo la 11, mwanzoni mwa mwaka 1963, waandishi wakaziingiza lawama hizo ndani ya hadithi yenyewe: Sue ameumizwa na barua, na Reed anasimama kumtetea. Anamtetea vipi? Anamtaja mama yake Abraham Lincoln, kwamba naye alikuwa mtu muhimu katika maisha ya mwanawe. Kwangu utetezi ule ni mzito kuliko shutuma zenyewe. Unakiri kwamba thamani ya mwanamke huyu itapimwa kwa ukubwa wa mwanamume aliye karibu naye, kisha unamtaka ashukuru.

Haki yake ilikuja polepole. Januari 1964, katika toleo la 22, Sue akapata uwezo wa kujenga kuta za nguvu zisizoonekana, na tangu hapo, kwa maoni yangu, ndiye mwenye nguvu kuliko wote wanne. Aliolewa mwaka 1965, akamzaa Franklin mwaka 1968. Lakini jina lake la kishujaa liliendelea kumwita msichana hadi mwaka 1985, ndipo akaitwa mwanamke. Mtoto wake alikuwa na miaka 17 ya kuchapishwa vitabuni, na mama bado ni msichana asiyeonekana.

The Incredibles, filamu ya vibonzo ya mwaka 2004 kuhusu familia yenye nguvu za ajabu, ninaipenda kwa moyo wote, na lawama yangu kwake ni ya mtu anayependa. Brad Bird, aliyeiandika na kuiongoza katika studio ya Pixar, amewahi kueleza kwamba nguvu za kila mmoja alizitoa katika nafasi yake nyumbani. Baba anatarajiwa kuwa na nguvu, basi ana nguvu. Binti anayebalehe anatamani ardhi immeze, basi anaweza kutoonekana. Mvulana wa miaka kumi hatulii, basi ana mbio. Mtoto mchanga hajulikani atakuwa nani, basi ndani yake mna kila kitu. Na mama, Helen, anavutwa huku na huku kutwa nzima, basi mwili wake unavutika.

Ni wazo la mtu aliyeitazama familia kwa makini, na ndiyo maana filamu ile haijachuja. Lakini angalia kilichofanyika. Bird ameona kweli kwamba mama anavutwa. Angeweza kuuliza ni nani wanaovuta. Badala yake amempa mama mwili usiokatika. Mzigo umegeuzwa kipawa, na mtu akishaambiwa mzigo wake ni kipawa, ataanzaje kuomba kupumzika?

Filamu ya pili, ya mwaka 2018, ililijaribu swali hilo, na naipa sifa zake. Helen anaitwa kazini, mumewe Bob anabaki na watoto. Mtoto mchanga analipuka kwa nguvu mpya kila mara, hesabu za shule zimebadilika, binti ana maumivu ya mapenzi, na baba mwenye uwezo wa kusimamisha treni anaishiwa nguvu kwa kukosa usingizi. Ni sehemu bora kabisa ya filamu. Hata hivyo, uchovu wa Bob wa siku chache umepewa nafasi kubwa kwenye skrini, tena kwa huruma, ilhali miaka yote ambayo Helen alifanya kazi hiyo hiyo ilipita katika filamu ya kwanza bila kuhesabiwa kuwa ushujaa.

Kisha kuna mbio, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mwaka 2010 kituo cha ABC cha Marekani kilianza kuonyesha tamthilia ya No Ordinary Family. Wazazi wawili na watoto wawili wanaanguka na ndege huko Brazili, ndani ya maji ya Amazon, na wanaporudi nyumbani kila mmoja ana jambo lake. Baba, mchoraji wa sura za washukiwa kwa ajili ya polisi, anakuwa na nguvu za mwili na risasi hazimpenyi. Mama, Stephanie, ni mwanasayansi mwenye kazi kubwa, na tangu mwanzo hadithi inatuambia kwamba tatizo la nyumba hii ni muda: mama yuko kazini mno, familia inampoteza. Basi Stephanie anapewa mbio za ajabu.

Naomba msomaji afikirie mbio zile maana yake nini hasa. Mtu anapokimbia mara mia kuliko wenzake, muda unaofupika ni wa wanaomsubiri. Wao wanaona nyumba imesafishwa kufumba na kufumbua. Yeye ameinama chini ya kila kiti, amekunja kila nguo, ameosha kila sahani, kwa mikono yake miwili, moja baada ya nyingine. Kazi haikupungua hata chembe. Kilichopungua ni ushahidi wake, kwa sababu zamani angalau watu walimwona akifanya, wangeweza hata kuona haya na kunyanyuka. Sasa hawaoni chochote ila matokeo. Katika nguvu zote zilizowahi kubuniwa, hii ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa mama, na nashangaa jinsi inavyotolewa kila mara kama zawadi. Nyumba iliyokuwa inahitaji watu wanne wagawane kazi imepata suluhisho la kutogawana kitu, na ofisi nayo imepata mfanyakazi asiyechelewa kamwe.

Tamthilia ile ilidumu msimu mmoja wa vipindi 20, ikaisha Aprili 2011. Ilikuwa na jambo mkononi na ikaliacha likiponyoka, maana kila ilipokaribia ndoa ya wale wawili ilikimbilia kwa wahalifu na njama za kampuni. Ndiyo kawaida ya hadithi hizi. Baba akishapata misuli hana la kuifanyia nyumbani ila kuvunja vitasa, kwa hiyo hadithi inamfungulia mlango atoke nje akatafute mtu wa kupigana naye. Kutoka kwake kunaitwa wito. Kubaki kwa mama hakuna jina.

Watoto huwa wanatendewa haki zaidi, na sababu naijua: kila mwandishi amewahi kuwa mtoto wa mtu. Katika tamthilia hiyo hiyo, JJ aliyekuwa akihangaika darasani anapata akili inayoona majibu ya hesabu yakijipanga mbele yake, na dada yake Daphne anasikia mawazo ya watu. Huyu Daphne ni mhusika mzuri sana. Familia yoyote inaishi kwa vitu visivyosemwa. Mzazi aliyekasirika anameza neno, kesho yake hasira imepita na neno halikuzaliwa. Mtoto anayesikia mawazo analisikia neno lile, na kwake limekwisha kusemwa. Anawajua wazazi wake wakiwa na hofu ya pesa, wakiwa na mashaka ya ndoa, wakiwa wamemchoka kwa dakika tano. Hajui kwamba dakika tano zile ni za kila mzazi. Hadithi nzima ingeweza kukaa hapo, mezani, bila adui hata mmoja.

Hadithi iliyofika mbali zaidi katika haya yote ni Encanto, filamu ya vibonzo ya Disney ya mwaka 2021, kuhusu ukoo wa Madrigal milimani huko Kolombia. Luisa, dada mkubwa mwenye nguvu za kubeba punda na kuhamisha madaraja, anaimba wazi kwamba hajui yeye ni nani asipokuwa na kitu mgongoni. Niliposikia wimbo ule kwa mara ya kwanza niliwafikiria dada wakubwa wote ninaowajua, waliolelewa kuwa nguzo kabla hawajaulizwa kama wanataka. Na Mirabel, mdogo wake Luisa asiyepewa kipawa chochote, ndiye anayeuona ufa ukutani wakati wenye vipawa wamekazana kuonekana wazima. Filamu hii imethubutu kusema kwamba bibi mwenye upendo anaweza kuwatumia watoto wake hadi wapasuke.

Sasa mtazame mama humo. Julieta, mama yake Mirabel na Luisa, anaponya kwa chakula. Kijiji kizima kinamjia na majeraha yake, mumewe anayeumwa na nyuki kila leo anakula mkate wa mahindi aliouoka na uvimbe unashuka. Dada yake Pepa anaimba. Binti zake wote watatu wanaimba. Julieta hana wimbo wake mwenyewe. Katika filamu iliyojaa ujasiri wa kuuliza kila mtu anabeba nini, yeye anaendelea kuoka. Simlaumu Julieta, na sidharau kupika. Kumlisha mgonjwa ni kazi tukufu. Ninalosema ni kwamba hata filamu iliyomsikia binti akilia kwa uzito haikugeuza shingo kumwuliza mama yake, naye huenda ndiye aliyemfundisha kubeba.

Ninayoitamani ni hii. Aandike mtu hadithi ambamo familia ya kawaida inapata nguvu, na mama anapewa kuruka. Kuruka tu. Nguvu isiyoponya mtu, isiyosafisha, isiyowahisha chochote, isiyomlinda yeyote. Alasiri moja anasimama uani, miguu inaacha ardhi, anapanda hadi sauti za nyumbani zinafifia, na anashuka anapotaka yeye. Si kwa sababu kuna mtoto anayeanguka kutoka ghorofani. Kwa sababu juu kuna hewa na yeye ana mwili unaoweza kwenda huko.

Najua wahariri watasema haina mgogoro. Mgogoro umejaa tele. Jioni ya kwanza watamsubiri wakidhani ni dharura. Ya pili watamuuliza alikuwa wapi, kwa sauti ambayo baba hajawahi kuulizwa alipotoka kwenda kupambana na majambazi. Ya tatu binti atakasirika kuliko wote, maana ameshaona ni nani atakayetumwa jikoni. Jirani atasema mwanamke mwenye watoto hapaswi kuruka. Mama mwenyewe atashuka mapema siku moja, amejawa na hatia, akute hakuna aliyekufa, na hilo litamuuma kwa namna ambayo hakuitarajia. Na yule baba anayeweza kusimamisha treni kwa kifua atalazimika kufungua kabati moja baada ya jingine, mtoto akiwa na homa begani, akitafuta kadi ya chanjo na dawa ya kushusha homa, na hana wa kumuuliza zimewekwa wapi.