Wabaptisti Waliolikataa Fungu Lao

Mwaka 1784 mwanasiasa Patrick Henry alisimamia katika Bunge la Virginia, jimbo la Marekani, muswada uliopendeza machoni. Kila mlipa kodi angetoa fungu la kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo, na angetaja mwenyewe dhehebu la kulipokea. Asiyetaja, fungu lake lingeingia kwenye elimu. Kwa mpango huo Mbaptisti angemlipa mchungaji wake mwenyewe. Wabaptisti wakaupinga, kaunti baada ya kaunti.

Nawaandikia waumini wenzangu ambao wakisikia "serikali haina dini" huona imani imetukanwa. Wabaptisti hawa waliodai mpaka kati ya serikali na dini walikuwa watu wa sala, na yaliyowapata ni ya kusomwa kwa makini.

Chini ya ukoloni wa Uingereza, kasisi wa Kianglikana Virginia alilipwa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka, zaidi ya kilo 7,000, na tumbaku hiyo ilitozwa hata kwa wasiokanyaga kanisani kwake. Mhubiri wa dhehebu jingine alitakiwa kuwa na leseni ya mahakama. Wabaptisti wengi hawakuiomba. Juni 1768 huko Spotsylvania, John Waller, Lewis Craig na wenzao walishtakiwa kwa kuvuruga amani. Wangeachiwa kama wangeahidi kutohubiri katika kaunti hiyo kwa mwaka mmoja na siku moja. Walikataa, wakafungwa, wakawahubiria watu kupitia nondo za gereza. Sheria ya 1780 ilipowaruhusu wachungaji wao kufungisha ndoa, iliruhusu wanne tu wa kila dhehebu katika kaunti. Mimi hiyo hesabu ya wanne hunishtua kuliko gereza lenyewe: ruhusa imetoka, na papo hapo serikali imeanza kuhesabu wachungaji.

Massachusetts, jimbo jingine la Marekani, walijaribu njia ya upole zaidi. Mbaptisti alisamehewa kodi ya kanisa akileta cheti kwamba ni muumini wa kweli wa dhehebu lake. Kasoro ilikuwa kwamba uamuzi kama cheti kinafaa ulibaki kwa maofisa wa kodi. Kikionekana kina dosari, mtu alitozwa, na asipolipa mali yake ilikamatwa. Mji wa Ashfield ulikuwa na sheria yake isiyowapa msamaha wowote, na mwaka 1770 ekari 398 za Wabaptisti ziliuzwa kulipia kanisa ambalo si lao. Mwaka 1773 mchungaji Isaac Backus akawashauri wenzake waache kabisa kutoa vyeti. Hoja yake naiona haina jibu hadi leo: anayeomba msamaha wa kodi hiyo amekwisha kukiri kwamba serikali ina haki ya kuitoza.

Sasa urudie muswada wa Henry. Ili fungu limfikie mchungaji, lazima sheria iseme mchungaji ni nani, dhehebu ni lipi, na nani anakusanya. Kwa wasio Wakristo hapakuwa na nafasi. Desemba 1784 kura iliahirishwa, na mwaka uliofuata yakamiminika bungeni maombi ya maandishi yenye sahihi za watu, ya kuupinga. Mwanasiasa James Madison, baadaye Rais wa Marekani, aliandika lake lenye hoja 15, lakini ombi lililojengwa juu ya roho ya Injili lilipata sahihi takriban mara tatu ya lile lake. Muswada ukafa, na Januari 1786 ikapita sheria ya uhuru wa dini ya Virginia aliyoiandika Thomas Jefferson, naye baadaye Rais wa Marekani.

Kwetu, ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliagiza michango ya Rais William Ruto wa Kenya kwa parokia ya Soweto, jijini Nairobi, irudishwe. Ile haikuwa kodi, lakini naliunga mkono jimbo lile kwa moyo wote. Kanisa au msikiti ukiletewa fedha na mkubwa wa serikali, wazee waulize kwanza: orodha ya wanaostahili ameiandika nani, nani atakuja kukagua matumizi, na nani ana uwezo wa kulifuta jina letu mwakani?